Shangazi kaja la uvunguni

Shule zinafungua jumatatu na mi jumamosi asubuhi ndo nikajikaza kuvuta lile begi la shangazi kaja uvunguni, lile la miraba, si mnalijua, kila kitu kisichokua na pa kukaa mwaka mzima tunatupia humo. Zipu ilishakufa zamani, tunafunga na kipande cha kanga.

Jamani, mikebe ya hesabu mitano. Mitano! Nina watoto watatu na anayetumia mkebe ni mmoja tu, huyu wa darasa la sita, ila kila Januari naambiwa "mama mkebe umepotea" nami naenda kununua kama mjinga. Mmoja hauna bikari, mwingine una bikari mbili afu hauna kipimapembe, nikakaa chini nikaunganisha ikatoka mitatu kamili, nikachukua orodha ya manunuzi nikakata mstari wa mkebe hapo hapo. Maana ada ya shule ya serikali hatulipi tangu 2016, sawa, ila sare, viatu, madaftari, fagio la chelewa, hivo vyote vinatoka kwenye pochi ileile.

Madaftari ya mwaka jana nusu hayajaandikwa. Tukakaa barazani na wa kati, yeye anachana kurasa safi mi nashona katikati na sindano ya magunia, tukapata manne ya rafu, yamepinda kidogo lakini yanaandikika. Yaliyojaa nikasema yaende kwa dada wa karanga pale kona akafungie, basi mkubwa akaja juu, "mama watu watakula karanga huku wanasoma insha zangu!" Haya, insha kabaki nazo. Hesabu hakuzitetea.

Sketi za bluu za huyohuyo mkubwa nilizitunza tatu eti atavaa mdogo wake, sasa anayemfuata ni wa kiume na kitindamimba ndo kwanza anaingia awali, mpaka zimfikie si mende watakua wameshamaliza? Nikampelekea jirani ana binti wa darasa la tatu. Nilivosikia wepesi siku ile hata sielewi kwa nini nilikua nang'ang'ania.

Soksi sasa. Soksi kumi na nne hakuna hata mbili zinazofanana, mpaka leo sijui wenzao wanaenda wapi. Zote zikawa za kufutia viatu kiwi, nikanunua dazeni Kariakoo, nyeupe, aina moja, saizi ya kuvutika, ikipotea moja unachukua nyingine yoyote maisha yanaendelea.

Mwisho nikagonga misumari mitatu nyuma ya mlango, kila mtoto na wake, begi linaning'inia hapo na sare iliyopigwa pasi, sio saa 11 alfajiri giza hilo watu wanatafutana na tochi ya simu. Nikatangaza nyumba nzima, kila kitu msumari wake.

Jumapili usiku napita kukagua, begi la kwanza lipo, la pili lipo, msumari wa tatu umebeba helmeti ya pikipiki ya baba watoto, begi la mtoto liko sakafuni. Namuuliza baba watoto ananiambia, "si ulisema kila kitu msumari wake mama?"

Nikaenda kutafuta nyundo.