Kigungu: magugu maji yametoka kwenye mstari

Mstari wa maji ninaouchora kwa kompyuta kutoka picha za setilaiti umetulia! Mlionisikia nikilalamika kwamba ukingo wa Kigungu, hapa Entebbe kwenye Ziwa Victoria, unaingia ziwani mwezi huu na kurudi nyuma mwezi ujao, tazameni sasa: picha za mwaka mzima, na mstari wa maji hauyumbi zaidi ya pikseli moja (nukta moja ya picha) ya setilaiti ya Sentinel-2, yaani mita 10.

Kupakua picha na kukata eneo naviruka, mnavijua. Kilichonitoa jasho ni magugu maji.

Kielezo cha maji cha McFeeters cha 1996, yaani hesabu ya kutenga maji na nchi kavu kwenye picha, kinalinganisha mwanga wa kijani na infraredi ya karibu. Maji yanaimeza infraredi, majani mabichi yanairudisha kwa nguvu. Kwenye fukwe za bahari hilo linatosha, mchanga huku na maji kule. Hapa Victoria upepo wa mchana ukisukuma magugu hadi mchangani, kompyuta inaona shamba na kutangaza kwamba Entebbe imeongezeka. Ukigeukia kielezo cha Xu cha 2006, kile cha infraredi ya mawimbi mafupi, picha za mwanga huo zina pikseli za mita 20, na magugu bado yanasomeka kama nchi kavu. Nikahamia rada ya setilaiti ya Sentinel-1, maana wingu haliizuii. Ziwa likiwa shwari ni raha tupu, magugu yanang'aa juu ya maji meusi. Upepo ukichafua maji, nayo maji yanang'aa. Nikaifunga kwa hasira.

Ufunguo niliupata mwaloni, kwa mvuvi aliyekaa juu ya mtumbwi wake huku magugu yameziba njia yote.

"Mzee, leo huendi?"

"Nitaendaje, mwanangu? Ngoja upepo wa usiku uyatoe. Kesho asubuhi utaona maji."

Ndivyo ilivyo: mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Magugu yanahama, ardhi haihami. Kwa hiyo badala ya kuiuliza picha moja, nikaziuliza picha zote za kipindi: je, pikseli hii imewahi kuwa maji? Ikiwa imewahi, si nchi kavu, hata kama leo ina majani.

Nilifurahi kama saa moja hivi, kisha vikaja vivuli vya mawingu. Kivuli kikilala juu ya mchanga, kielezo kinaegemea upande wa maji, na kanuni yangu ya "imewahi" inameza ufukwe mzima kwa sababu ya kivuli kimoja cha saa tano asubuhi, ambao ndio wakati setilaiti inapita kwetu. Kichujio cha mawingu kinachokuja na picha zenyewe sikipendi, na sioni haya kusema. Vivuli vyembamba vinakipita, halafu mchanga mkavu na mabati mapya yanayometa kinaviita mawingu. Yaani kinafuta kile ninachokitafuta na kuacha kile ninachokikimbia. Nimecheza na vizingiti vyake usiku hadi usiku, nikiongeza huku inaharibika kule.

Tiba imekuwa fupi kuliko ugonjwa. Kivuli ni nadra kurudi mahali palepale, maji hurudi. Basi pikseli lazima isomeke maji angalau mara mbili katika miezi miwili. Mara moja ni kivuli, mara mbili ni ziwa. Mistari miwili tu ya Python, lugha ninayoiandikia programu! Masika, Machi hadi Mei, picha safi ni chache mno, kwa hiyo nanyoosha kipindi hadi miezi mitatu, na hapo ziwa lenyewe linakuwa limepanda.

Kupanda huko ndiko kunakodanganya watu. Mteremko wa ufukwe ukiwa 1 kwa 15, ziwa likipanda mita 1 mstari unarudi nyuma mita 15 bila punje ya mchanga kuibwa. Mei 2020 kipimo cha kimo cha ziwa kule Jinja kilifika mita 13.42 na kuipita rekodi ya 1964 ya mita 13.41. Linganisha 2018 na 2020 bila kutoa kimo cha maji, utaandika kwamba pwani yote ya Uganda imemomonyoka. Nami nataka kujua kilichobaki baada ya kutoa.

Kwa hiyo mteremko lazima upimwe kwa miguu. Mpango ulikuwa droni, lakini Kigungu ni jirani wa uwanja wa ndege na hamu ya kufukuzana na vibali sina. Nimerudi kwenye njia ya Emery ya 1961: fito mbili zenye alama na upeo wa macho kama kipimo cha usawa. Inafanya kazi vizuri ajabu, mradi uone upeo. Sami, wale wadudu wadogo wa ziwani, wakiinuka kama moshi, hakuna upeo, na wengine utawameza.

Neno kwa wanaotaka kuunganisha Entebbe na Kalangala: ikweta inapita katikati. Vigae vya Sentinel-2, yaani vipande vya picha zake, vya kaskazini vina mfumo wa ramani wenye namba 32636, vya kusini 32736, na namba za kaskazini-kusini za mifumo hiyo zinatofautiana kwa mita milioni 10. QGIS, programu ya ramani, inakubadilishia bila kuuliza. Programu yako ya Python haitakuonea huruma.

Mafunjo bado yananishinda. Yaliyoota ukingoni hayahami, kwa hiyo "mara mbili" haiyagusi, kisha siku moja kipande kinakatika na kuondoka kikielea. Aprili 2020 kisiwa cha namna hiyo kilifika hadi mitambo ya bwawa la umeme la Nalubaale kule Jinja, nchi nzima ikakosa umeme. Upande wa mafunjo nimeukata kwenye ramani kwa sasa.

Hatua iliyofuata ilikuwa kurudi nyuma hadi 1984 kwa picha za setilaiti za Landsat. Nimeiweka kando, kwa sababu nimeona wanachofanya Australia tangu 2017 na CoastSnap: kishikio cha chuma mahali pamoja, mpita njia anaweka simu, anapiga picha na kuituma, kila picha inaonyesha ufukwe uleule kwa pembe ileile. Hakuna wingu linalokaa kati ya simu na mchanga! Fundi mmoja wa vyuma wa Katwe, Kampala, ameshachukua vipimo na malipo ya kwanza. Sasa natafuta nguzo ambayo wanunuzi wa vyuma chakavu hawataifikia kabla ya wapiga picha.