Mistari ya mkonge kutoka Irente

Ukitoka Lushoto mjini kwa miguu kwenda Irente, unapita vitalu vya kabichi, migomba, mikaratusi, halafu ghafla mlima unakatika. Chini kabisa iko Mazinde, na mashamba ya mkonge yamepangwa mistari iliyonyooka.

Nikirudi nyumbani sichori mlima. Wanaonitembelea huuliza, "Mbona hatuoni miti?" Miti naipenda, ila ninachotaka kukiweka kwenye picha ni kile kilichopita mwilini: magoti yakijizuia kwenye mteremko, ukungu wa baridi shingoni, na mshtuko wa kufika ukingoni.

Naanza kwa kupaka kanvasi nzima rangi ya udongo mwekundu. Ikishakauka, napitisha kijivu chepesi juu yake, na kabla hakijashika nakikwangua kwa ncha ya kisu cha rangi. Wekundu unachungulia katika mistari myembamba. Hapo ndipo mkonge unapotokea, bila mmea hata mmoja.

Peter Lanyon, mchoraji wa Cornwall kule Uingereza, alizijua kwa miguu njia za majabali ya kwao, na mwaka 1959 akaanza kurusha ndege isiyo na injini. Picha zake zinaonyesha mahali pamoja kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja. Kwangu huo ndio ukweli wa kutembea, kwa sababu mwenda kwa miguu hasimami sehemu moja.

Sasa nashughulikia picha ya maporomoko ya maji ya Soni. Rangi ya akriliki hukauka upesi juani, kwa hiyo maji nayapaka alfajiri.