Kumbukumbu ya mradi: kloroplasti nzima na zilizopasuka

Hatua ya kusaga majani ili kutoa kloroplasti, vijumba vya kijani vya seli vinavyofanya usanisinuru, sasa imetulia. Majani ya spinachi huwekwa gizani usiku kucha kabla ya kazi, ili wanga uliojaa ndani ya kloroplasti upungue. Punje za wanga ni nzito, na sentrifuji (mashine ya kuzungusha neli) ikishika kasi hutoboa utando kutoka ndani. Bafa, yaani kimiminika kinachotuliza pH, ina sorbitoli (kileo cha sukari kinachozuia kloroplasti zisivimbe na kupasuka) ya molari 0.33, pH 7.6, na kila chombo kinakaa kwenye barafu, hata neli tupu. Nasaga kwa sekunde chache tu, nachuja kwa melimeli, kisha nazungusha kwa muda mfupi. Mashapo nayalegeza kwa brashi laini ya kuchorea; kuyapuliza kwa pipeti ni kuyatesa bure.

Tatizo ni kwamba kijani kinadanganya. Kloroplasti nzima na iliyopasuka zina rangi ileile, na klorofili, rangi yenyewe ya kijani, niliyopima kwa asetoni ya 80% (mawimbi ya mwanga ya nanomita 645 na 663) haizitofautishi. Kipimo hicho kinanifaa kwa jambo moja: kulinganisha kasi ya mmenyuko kwa kila miligramu ya klorofili.

Ndiyo maana nimegeukia potasiamu ferisianidi, kemikali inayopokea elektroni. Haipenyi utando unaozunguka kloroplasti, kwa hiyo ile iliyo nzima haiwezi kuipa elektroni. Napima kasi ya mmenyuko kwenye mwanga, halafu napima sampuli nyingine niliyoipasua kwa makusudi kwenye maji yasiyo na sorbitoli. Tofauti ya kasi hizo mbili, ikigawanywa kwa ile kubwa, ndiyo sehemu ya kloroplasti zilizobaki nzima. Kwangu hiki ndicho kipimo kizuri kuliko vyote, maana hakitegemei jicho la mtu kwenye hadubini.

Wala zilizopasuka si takataka. Robert Hill alionyesha mwaka 1937 kwamba kloroplasti zilizotolewa kwenye jani hutoa oksijeni zikipewa kipokezi cha elektroni, bila kutengeneza sukari. Kwa jaribio la namna hiyo, tilakoidi, vifuko vya ndani vinavyonasa mwanga, zikiwa salama inatosha. Uzima ninautaka kwa ajili ya majaribio ya kunasa kaboni dioksidi, kwa kuwa vimeng'enya vinavyoinasa viko kwenye stroma, majimaji yanayozunguka tilakoidi, na utando ukipasuka vinamwagika.

Kinachofuata ni diuroni, dawa ya magugu inayozuia elektroni kutoka fotosistimu ya pili, sehemu ya tilakoidi inayotumia mwanga kung'oa elektroni kwenye maji. Inayeyushwa kwa ethanoli, kwa hiyo neli ya ulinganisho nayo itatiwa ethanoli kiasi kilekile.