Nilivyoacha kusoma "must" peke yake

Katika kazi ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, Kiingereza kinachotutia hasara si kile chenye maneno magumu. Neno gumu kila mtu analiogopa, kwa hiyo analitafuta kwenye kamusi au anauliza. Hasara inaletwa na vijineno tulivyofundishwa zamani tukadhani tumeshamalizana navyo: must, can, may, will, should. Na vile vinavyovifuata kwa nyuma: by, until, on, in, without. Kimoja kimoja vinaeleweka. Vikikutana kwenye taarifa ya kampuni ya meli, watu wawili wenye akili zao timamu wanasoma mstari uleule na kuondoka na maagizo mawili tofauti.

Kilichonisaidia ni daftari. Nilianza kunakili sentensi kutoka kwenye barua pepe za kazini, kila moja nikaikata vipande vitatu: kitenzi kisaidizi, kitenzi chenyewe, halafu kirai kihusishi, yaani ule mkia wa by Friday, at the port, on payment. Kisha naziba kile kisaidizi kwa kidole na kuanza kusoma mkiani. Shuleni tulifundishwa kinyume: must ni lazima, may ni ruhusa, can ni uwezo, kariri. Kwenye makaratasi ya bandari, kisaidizi mara nyingi hakina maana kamili mpaka mkia useme.

Kabla ya mkia, kuna kipande cha kati, ambacho sisi tunaofikiri kwa Kiswahili kinatuponyoka kirahisi. "Huenda yuko bandarini" ni sentensi iliyokamilika. Ndiyo maana kijana mgeni ofisini anaandika "The driver may at the port" na haoni pengo lolote. Kiingereza cha leo kinadai kitenzi, na kama hakuna kingine basi ni be: may be at the port. Kijana asione haya. Mteja wetu mmoja Mjerumani aliwahi kutuandikia "I must to Hamburg on Monday". Kwao ni sahihi kabisa, Ich muss nach Hamburg, kitenzi cha kwenda kinaachwa kwa sababu nach Hamburg imeshasema safari. Hata Kiingereza cha enzi za Shakespeare kiliruhusu mtu aseme "I must to London". Mjerumani wetu amechelewa miaka mia nne tu.

Kwenye masharti marefu, mkia wenyewe husukumwa katikati: "The consignee must, within seven days of discharge, return the empty container to the depot." Hapo macho yanapotea. Mimi naruka mpaka kwenye return kwanza, yaani consignee, mpokeaji wa mzigo, arudishe kontena tupu, ndipo narudi kuuliza: ndani ya siku ngapi, na kuanzia lini? Hizo of discharge ni maneno mawili yenye pesa ndani yake, maana siku za bure, za kukaa na kontena bila kutozwa, zinahesabiwa tangu kontena liliposhushwa melini, si tangu ulipolitoa bandarini.

Sasa mkia. Chukua sentensi hii: "The truck must be at the yard." Ni amri au ni kukisia? Huwezi kujua. Ongeza by eight tomorrow, imekuwa amri: lori lazima liwe yadi kesho saa mbili asubuhi. Badala yake weka by now, amri imekufa na imebaki hesabu ya kichwani: kwa muda huu lori litakuwa limeshafika yadi. Must ni ileile, be ileile, hata by ni ileile. Kiswahili hapa kimetuwekea msaada bure, kwa sababu tunatenganisha "lazima liwe" na "lazima lipo". Nikishindwa kuamua, najaribu zote mbili kwa sauti. Ile inayokaa vizuri na mkia ndiyo yenyewe. "Lazima liwe yadi muda huu" inagoma ukiwa unamkisia dereva aliyeondoka alfajiri. "Lazima lipo" inapita.

Jambo lililonifanya nilichukulie daftari kwa uzito lilikuwa by na until. Sisi tuna "mpaka Ijumaa" na inatutosha kwa kazi zote mbili: lipa mpaka Ijumaa, subiri mpaka Ijumaa. Siku moja dereva alinipigia kutoka bandari kavu (ICD), amekasirika: "Dada, mmenituma kufuata nini huku? Kontena halijafika." Barua pepe aliyoifanyia kazi mwenzangu ilisema "The container will be at the ICD by Friday". Yeye akasoma kwamba lipo mpaka Ijumaa, basi tuwahi kabla halijaondolewa. Kumbe lilikuwa bado liko bandarini, na Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kulitarajia. Ingekuwa until Friday, angekuwa sahihi na haraka yake ingekuwa na maana. Siku hizi kwenye daftari kila will be yenye mahali na siku naichorea mshale: by, mshale unaingia, until, mshale unatoka.

May nayo ina vituko vyake. "Goods may be examined at random" maana yake mzigo wako unaweza kukaguliwa, jiandae. "Goods may be examined on request" maana yake ukiomba utaruhusiwa kuukagua. At random imemnyima mtu yeyote nafasi ya kuamua, kwa hiyo inabaki bahati. On request imemleta mwombaji, kwa hiyo ni ruhusa. Na on payment, ambayo wengi wanaipita kama haipo, ni sharti: "The container may be released on payment of all charges", kontena litatoka ukishalipa, si wakati unaendelea kubembeleza.

Kuna pia kukanusha. "Charges must not be paid in cash" haisemi usilipe. Kilichokatazwa ni ule mkia, pesa taslimu; deni liko palepale. Halafu "do not have to be paid in cash" inasema si lazima taslimu, ukitaka unaweza. Nimewaona watu wazima wakibishana dirishani kwa sababu ya hizi mbili. Na "cannot leave the yard without a gate pass" naigeuza tu: likiwa na hati ya getini, linatoka. Kisaidizi kilichokanushwa kikifuatwa na without, kwa kawaida unasoma orodha ya vinavyotakiwa. "Signed by the consignee by Friday" siielezi sana: by ya kwanza ni nani, ya pili ni lini.

Shall niliiogopa bure. Kwenye masharti ya kubeba mizigo si wakati ujao, ni wajibu: "shall be liable for", utawajibika kwa. Wenyewe wenye lugha inawasumbua. Marekani, kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho zilipoandikwa upya mwaka 2007, shall iliondolewa kwa kuwa ilikuwa inabeba maana nyingi. Mwaka 2010 wakairudisha kwenye Kanuni ya 56, ile ya kutoa hukumu bila kusikiliza kesi nzima, kwa sababu should waliyoiweka mahali pake ilileta shaka kama jaji anaelekezwa au anashauriwa.

Kwa should, nawaelewa majaji wale. Ndiyo pekee ambayo mkia haunisaidii. "The vessel should be in Dar es Salaam by the 14th": hayo ni matarajio, meli haipewi amri na barua pepe. "The documents should be in our office by the 14th": hilo ni agizo lililovaa adabu, ukichelewa nyaraka hakuna atakayekuhurumia. Be in, by the 14th, vyote sawa. Kilichobadilika ni nani yuko mwanzoni, meli au nyaraka. Na mwanzoni kukiwa na "payment", siwezi kujua kama benki inatarajiwa kumaliza au mteja wangu anadaiwa. Hapo sibahatishi. Naandika mstari mmoja: "Is the 14th a deadline or an estimate?" Hujibiwa haraka kuliko barua yoyote ndefu niliyowahi kuwatumia.