Ninavyojizuia nisianguke chali

Fimbo haimsaidii anayeangukia kisogo. Humfaa anayeyumba upande au anayejikwaa. Mimi nikianza kwenda nyuma, fimbo huinuka hewani pamoja na mkono. Nina Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo, na uzito wangu hukaa kwenye visigino. Nikiguswa kidogo tu, ile hatua ya nyuma ambayo ingeniokoa huchelewa, au hutoka vihatua vifupi vingi visivyonishikilia. Kwa hiyo kila nilichokibadilisha kina lengo moja: uzito urudi mbele, kwenye sehemu ya mbele ya nyayo.

Kitembezi, yaani fremu ya kushikilia unapotembea, kikiwa chepesi cha alumini kina kasoro kama ya fimbo. Mikono hukivuta, miguu yake ya mbele hunyanyuka, unaanguka nacho kifuani. Cha magurudumu manne chenye breki za kawaida kina hatari nyingine, kwani breki hizo hushika ukizibana, na anayeanguka hawahi kubana. Ninachotumia sasa kimejengwa kinyume: magurudumu yamejifunga muda wote na hufunguka ninapobana kishikio. Nikiachia, kinasimama papo hapo. Msingi wake ni mpana, mzito na uko karibu na sakafu, hivyo nikikivuta hakinyanyuki upesi. Kabla ya kukipata, mtaalamu wa fiziotherapia alinifungia kilo 2 kwenye upau wa chini wa mbele wa kile cha zamani. Usiweke mzigo huo kwenye kikapu cha juu, kitembezi kitayumba.

Urefu hupimwa umesimama wima na viatu, mikono ikining'inia: vishikio vifike usawa wa kifundo cha mkono, na ukivishika kiwiko kikunjike kidogo. Vikiwa juu zaidi, mabega hupanda na kifua hurudi nyuma. Mimi nimeshusha tundu moja chini ya kipimo hicho, na tofauti niliiona siku ileile.

Viatu vyangu vina kabari ya sentimita 1 chini ya kila kisigino. Hili lijaribiwe mbele ya mtaalamu, maana anayeganda miguu ghafla akitembea au anayekimbizwa mbele na hatua zake anaweza kuangukia uso.

Watu huogopa ngazi, lakini kwangu mlango wa kuvuta ndio mbaya zaidi, pamoja na friji na droo nzito. Ukiuvuta ukiwa umeukabili, mwili unafuata mkono. Nasimama upande wa kitasa, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, mkono mmoja ukishika kitu kisichosogea, kisha navuta kwa kuhamisha uzito bila kurudi hatua. Mkao huo wa mguu mbele na mguu nyuma ndio ninaosimama nao hata kwenye sinki. Miguu ikiwa sambamba hakuna kinachozuia nyuma. Vitu vyote vya kila siku vimeshushwa chini ya usawa wa bega, kwa sababu kutazama juu huku mkono umeinuliwa kunatosha kuniangusha.

Kwenye kiti, nageuka kwa duara pana pamoja na kitembezi mpaka nyuma ya miguu yote miwili iguse kiti. Hapo tu ndipo mikono inatafuta egemeo, nainama, nakaa. Kuinuka: nasogea ukingoni, navuta nyayo nyuma ya magoti, nainama hadi pua ipite vidole vya miguu, ndipo nasukuma. Miguu ikiendelea kukisukuma kiti baada ya kusimama, uzito bado uko nyuma. Keti uanze upya. Sofa laini la chini halifai kabisa kwa kazi hii.

Msaidizi asinivute mikono akiwa mbele yangu. Mwili hujibu kwa kujisukuma nyuma zaidi, naye hudhani nakaidi. Asimame ubavuni, nyuma kidogo, ameshika mkanda mpana uliofungwa kiunoni. Tukipanda ngazi, akae ngazi moja chini yangu.

Chooni, chuma cha kushika kiwe mbele au ubavuni, kimefungwa kwa skrubu kwenye ukuta imara. Vile vinavyojibandika kwa mpira hubanduka vikivutwa, na reli ya taulo haikuundwa kubeba mtu.

Pima pia presha, maana ikishuka unaposimama inaweza kukuangusha: lala dakika 5, pima, simama ukiwa na mtu karibu, pima tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, mpelekee daktari vipimo hivyo, kwa kuwa hapo kitembezi peke yake hakitoshi. Na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda akigonga kisogo, aende hospitali mara moja hata kama anajisikia vizuri. Damu inaweza kuvujia ndani ya kichwa taratibu, kwa saa nyingi, kabla ya dalili kuonekana.