Chai ya Boston: bei ilishuka, hasira ikapanda

Ukidhani Wamarekani waliasi na kutupa chai baharini kule Boston mwaka 1773 kwa sababu ilikuwa ghali, sivyo. Sheria ya Chai ya 1773 iliishusha bei: Kampuni ya East India ya Uingereza iliruhusiwa kuuza moja kwa moja kwenye makoloni ya Amerika, ikawapiga kumbo wafanyabiashara wa huko, na wa magendo pia. Ushuru wa peni 3 kwa ratili ulibaki. Kuulipa ni kukubali kutozwa na Bunge la London ambamo hawakuwa na mjumbe.

Mbona ikatupwa usiku wa Desemba 16? Forodha, bwana! Dartmouth, meli ya kwanza ya chai, ilitia nanga Novemba 28; ushuru usipolipwa ndani ya siku 20, shehena hukamatwa. Gavana Hutchinson wa Massachusetts alikataa meli iondoke bila kulipa. Makasha 342 ya chai yakatupwa baharini. Mwaka 1774 London ikaifunga bandari ya Boston. Watu wa Kilindini mwaelewa uzito wake.