Gari Jipya Likibonyea: Okoa Kwanza Rangi ya Kiwandani

Foleni ya Ubungo haichagui gari. Bajaji inajipenyeza kushoto, chuma chake kinapita mlangoni, na gari lililotoka bandarini juzi lina mkwaruzo wa sentimita 40 na kibonde kidogo juu ya kitasa. Mwenye gari hajamaliza hata kuangalia, tayari kuna mtu anamshauri: "Peleka gereji, wapige puti, wapulize rangi, jioni unaondoka nalo." Ushauri huo wa kufunika bonde kwa puti (uji mzito unaoganda ukawa mgumu) ukatae. Kwenye gari jipya kitu cha kulinda kwanza ni rangi ya kiwandani, na kila hatua ya matengenezo ipimwe kwa swali moja: itaondoa kiasi gani cha rangi hiyo?

Kiwandani bodi hupigwa rangi ikiwa tupu, bila siti, waya wala plastiki. Kwanza inazamishwa kwenye bwawa la praima (rangi ya kwanza inayozuia kutu) na kupitishiwa umeme, praima inaingia hadi kwenye mikunjo ambayo hakuna mkono unaofika. Kisha rangi huokwa kwenye tanuri la nyuzi 140 hivi. Gereji haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu kwenye joto hilo plastiki na waya za gari lililokamilika zingeharibika. Oveni nzuri ya gereji inakausha kwa nyuzi 60, na gereji ya chini ya mti inategemea jua. Unene wote wa rangi ya kiwandani, kuanzia praima hadi klia (tabaka la juu lisilo na rangi), kwa magari mengi ni maikroni 100 hadi 150, yaani kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Klia ya juu ni kama 35 hadi 50 tu. Mnunuzi anayejua anakuja na kipimo cha unene: milango mitatu ikisoma 120 na wa nne ukasoma 400, bei inaanza kushuka hapo hapo.

Siku ya kwanza, osha tu. Shampuu ya gari na maji mengi, kivulini, bati likiwa limepoa. Sehemu kubwa ya kinachoonekana kama mkwaruzo huwa ni rangi ya kile kilichokugonga, imegandia juu ya klia yako. Pitisha ukucha taratibu kukata mstari. Ukucha usipokwama, mkwaruzo uko ndani ya klia. Kisha lowesha: mstari ukipotea ukiwa na maji na kurudi ukikauka, huo unaondoka kwa kompaundi (krimu ya kusugulia rangi). Ukibaki unaonekana hata ukiwa umelowa, umefika kwenye rangi. Ukiona kijivu ni praima, na ukiona bati linang'aa usilale nalo wazi, hasa kama unaishi Kigamboni, Msasani au Mbezi Beach ambako upepo una chumvi. Paka rangi ya kugusia, au hata praima kidogo kwa brashi ndogo, siku hiyo hiyo.

Rangi ya kugandia inatoka kwa kompaundi laini na kitambaa cha maikrofaiba, nguvu ya vidole viwili tu. Mkwaruzo wa ndani ya klia unahitaji msasa wa maji namba 2000, halafu 3000, halafu kompaundi kwa mashine ya mzunguko mdogo, halafu polishi. Hapa ndipo vijana wa kuosha magari wanapoua gari. Mashine ikikaa sehemu moja bati linachemka, na kwenye kingo za mlango na mikunjo ya bodi klia huwa nyembamba kuliko kwingine, hivyo inaliwa kwa sekunde chache. Funika kingo kwa tepu kabla mashine haijawashwa, na kila baada ya mizunguko miwili gusa bati kwa kiganja. Likikuunguza, simamisha. Kumbuka pia kwamba klia haioti tena. Kazi ya msasa sehemu ile ile inavumilika mara moja, pengine mara mbili.

Bonde ambalo rangi yake haijapasuka linaweza kunyooshwa bila puti wala rangi. Fundi wa kazi hii anaingiza vyuma vyembamba nyuma ya bati, kupitia dirisha la mlango au tundu la taa, anasukuma kidogo kidogo akifuata kivuli cha taa ya mistari juu ya bati. Pasipofikika anabandika vibandiko kwa gundi ya moto na kuvuta kutoka nje. Bonde pana na la duara, hata la ukubwa wa sahani, ni rahisi kuliko dogo lenye ncha kali, kwa sababu bati lililokunjwa kwa ncha limeshavutika na halirudi lote. Bonde lililo juu ya mkunjo wa bodi au ukingoni mwa mlango ni gumu pia. Mafundi hawa Dar wapo, ila si wengi kama wa puti, na ni vizuri uwatafute kabla ya kumruhusu mwingine agonge bati kwa nyundo. Nyundo ikipita kwanza, rangi inapasuka na nafasi hiyo imekwisha.

Bampa ni habari nyingine kwa sababu si bati. Ligeuze usome alama ya nyuma: nyingi zimeandikwa PP au PP+EPDM, plastiki inayokumbuka umbo lake. Bampa lililobonyea bila kuchanika, vua klipu za kava ya tairi upate nafasi ya mkono, mimina maji yaliyokaribia kuchemka lita mbili au tatu taratibu juu ya bonde, sukuma kutoka ndani ukiwa na glavu nene, kisha lipoze kwa maji baridi. Likiwa limechanika, lishonwe kwa stepla za moto au kuchomelewa kwa ufito wa plastiki ile ile, upande wa nyuma. Gundi ya dukani na faiba havishiki kwenye PP, vitaachia kwenye tuta la tatu. Na kabla ya rangi yoyote, palipobaki plastiki tupu lazima pawe na praima ya plastiki. Bampa lisilo na praima hiyo utalijua kwenye kuosha: maji ya presha yanabandua rangi vipande vipande.

Usiridhike na bampa kuonekana zuri kwa nje. Plastiki hurudi ilivyokuwa, lakini nyuma yake kuna sponji ya kupunguza mshindo na chuma cha kuvuka, na kwa bampa la mbele, nyuma zaidi kuna kondensa ya AC na rejeta. Mwambie fundi alivue bampa zima na uangalie mwenyewe. Sponji iliyopasuka ibadilishwe. Chuma kilichokunjwa kisinyooshwe kwa moto wa gesi, kwa sababu magari ya sasa yanatumia chuma cha nguvu ya juu na joto hilo linakilegeza. Klipu zilizovunjika nunua mpya, hazina bei, na bila hizo bampa litaacha mwanya pembeni mwa taa ambao hauzibiki kwa kuvuta.

Kwa magari yenye breki za kujishika zenyewe, rada ya mbele mara nyingi iko nyuma ya nembo ya kwenye shoo, na zile za kuonya gari la pembeni ziko nyuma ya kona za bampa la nyuma. Puti au rangi nene juu ya eneo hilo inazuia mawimbi. Kona iliyochanika mbele ya rada, badilisha bampa. Sensa za kuegeshea nazo zisipuliziwe tabaka juu ya tabaka. Baada ya kurudisha kila kitu, gari lipitishwe kwenye mashine ya kusoma kompyuta na rada ipimwe upya, hata kama hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi.

Kwa bati, kabla ya puti jiulize kama kipande kinafunguka. Fenda ya mbele, boneti na milango vimefungwa kwa bolti. Spea zilizotumika kutoka Japani zinapatikana Ilala na Kariakoo, na fenda yenye namba ile ile ya rangi, bado na rangi yake ya kiwandani, ni bora kuliko fenda yako mwenyewe iliyojazwa puti. Namba ya rangi inasomwa kwenye kibati cha mlangoni au ndani ya boneti. Kwa Toyota, tafuta mstari ulioandikwa C/TR: 040 ni nyeupe ya kawaida, 070 ni nyeupe ya lulu, 202 ni nyeusi, 1F7 ni silva. Peleka gari lenyewe dukani ukaweke fenda pembeni yake juani, kwa sababu namba moja inaweza kuwa imepauka tofauti. Angalia pia matundu ya bolti: rangi ya bolti ikiwa imechunika, kipande hicho kimeshafunguliwa, na pengine kimeshapigwa rangi.

Kwata ya nyuma, bati la pembeni juu ya tairi la nyuma, haifunguki, imechomelewa. Hapo puti huwa haikwepeki, basi ifanyike sawasawa.

Bati linyooshwe kwanza hadi bonde libaki chini ya milimita 2. Puti ni ya kusawazisha, haikuwekwa ijaze shimo, na ikizidi milimita 3 itakuja kupasuka kwa joto na mtikisiko. Hadina, yaani dawa ya kugandisha, inachanganywa kama asilimia 2 ya uzito. Kwa joto la Dar puti inaganda ndani ya dakika chache, na kosa linalorudiwa ni kuongeza hadina ili kazi iishe haraka. Hadina iliyozidi inapanda taratibu hadi kwenye rangi na kuleta madoa, hasa kwenye nyeupe na silva. Msasa uanze namba 80, kisha 180, kisha 320, na uwe mkavu. Puti inanyonya maji. Fundi akiipiga msasa wa maji halafu akaifunika na praima, unyevu huo unabaki chini, na jua la Januari linauinua kuwa malengelenge huku bati likishika kutu. Palipokwanguliwa hadi bati tupu pakae praima ya epoksi siku hiyo hiyo. Kukiwa na kuchomelea, betri ifunguliwe kwanza, itumike welding ya CO2, na ndani ya kwata ipulizwe nta ya kuzuia kutu, kwa sababu moto umeshaunguza ile praima ya bwawani.

Undakoti, praima ya mwisho kabla ya rangi, iwe ya 2K, yaani ya kuchanganywa na hadina, isuguliwe kwa maji kwa namba 800 kama rangi ni ya metaliki. Kisha fundi afute kwa dawa ya kuondoa mafuta. Ile silikoni ya kung'arisha dashibodi na matairi, chembe yake moja tu inafanya rangi ijikusanye na kuacha vishimo kama macho ya samaki.

Maji ya kompresa yanasahaulika sana. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, tangi linajaa maji, na maji hayo yanatoka kwenye bunduki ya kupulizia pamoja na rangi. Tangi limwagwe asubuhi na kuwe na kichujio karibu na bunduki. Wakati wa masika, gereji isiyo na kichujio usiwape kazi ya metaliki.

Rangi ichanganywe kwa namba, halafu ipulizwe kwenye kibati cha majaribio pamoja na klia, ikaushwe, ilinganishwe na gari nje juani. Duka linaweza kuwa na namba sahihi na bado likakosea toni. Nyeupe ya 070 ina hatua tatu, besi (tabaka la rangi yenyewe), lulu, klia, na idadi ya tabaka za lulu ndiyo inayoamua rangi, kwa hiyo vibati viwe viwili au vitatu vyenye tabaka tofauti. Silva na lulu zisiishie ghafla kwenye mpaka wa mlango: besi ififie kidogo kidogo ndani ya kipande jirani, na klia imwagwe kipande kizima hadi ukingoni. Ni kweli hilo linagusa rangi ya kiwandani ya mlango wa pili, na ndiyo sababu nyingine ya kujaribu njia zote za juu kwanza. Vitasa, vioo vya pembeni na raba zivuliwe, zisizungushiwe tepu, maana tepu inaacha ukingo ambapo klia itaanza kubanduka. Besi mbili hadi tatu, dakika kama kumi katikati, klia mbili. Thina na hadina ziwe za polepole kwa joto letu, za haraka zinaacha uso wa ganda la chungwa.

Sisitiza klia ya 2K yenye hadina. Rangi ya bei nafuu isiyo na hadina inang'aa siku ya kuchukua gari, kisha inafifia. Mvuke wa hadina hiyo unaumiza mapafu, na gereji ambayo mpulizaji amejifunga kitambaa puani badala ya barakoa yenye vichujio haijali mtu wake, sembuse gari lako.

Ukiwa na bima kubwa, usiruhusu chochote kifunguliwe kabla ya mkaguzi wa bima kuona na ripoti ya polisi kupatikana. Linganisha gharama na kiasi unachobeba mwenyewe kwenye mkataba, maana mkwaruzo mmoja mara nyingi hauvuki hapo. Bima ndogo hailipi gari lako. Gari la dhamana, soma masharti ya bodi na kutu kabla ya kwenda gereji ya nje.

Chukua gari mchana, si jioni chini ya taa. Tazama kutoka pembeni kwa kuinama, fungua mlango uone kama kuna vumbi la rangi kwenye raba, pima mwanya wa mlango juu na chini kwa kidole. Wiki ya kwanza usipeleke kwenye maji ya presha, mwezi wa kwanza usipake nta, na kinyesi cha ndege kifutwe kwa maji siku hiyo hiyo. Muombe fundi nusu kikombe cha besi iliyobaki, isiyochanganywa na hadina, kwenye chupa ya kioo inayoziba vizuri, yenye namba ya rangi na tarehe juu yake. Mkwaruzo wa bajaji inayofuata utahitaji brashi ndogo tu.